Profesa Stumai na Sheria ya Utani

Ninachokwambia hapa hutakiamini, na sikulaumu. Video ninayo mwenyewe kwenye simu, lakini kila nikiifungua naisimamisha katikati, navuta picha kwa vidole viwili mpaka ule uso ujae kioo kizima, ndipo nakubali kwamba ni yeye kweli. Ni Mheshimiwa Mwenyewe. Kichwa kipo, kofia ipo. Medali hazionekani kwa sababu kifua kiko chini ya ardhi.

Sasa tulia nianze mwanzo, maana nikianzia hapo utasema sisi ni watu wabaya. Sisi si watu wabaya. Sisi ni wakulima.

Mimi ni Mkeza, kwetu mlimani, huko kwenye ukungu. Chini yetu kuna bonde, na bondeni wanakaa Walumo, watani wetu tangu babu wa babu. Nchi yenyewe unaijua, jina silitaji. Rais wetu kwa mujibu wa Katiba haitwi jina lake, anaitwa Mheshimiwa Mwenyewe na inatosha.

Wakati huo nchi ilikuwa na amani sana, mvua tu ndiyo ilikuwa haiji. Mkurugenzi wa hali ya hewa alitangaza redioni kwamba msimu huu mvua itachelewa, na kweli ikachelewa, kwa hiyo akashtakiwa kwa kosa la kuichelewesha. Walimvunja vidole vya mkono anaoandikia, kimoja kimoja, bila haraka, kisha wakampa cheti cha utumishi mwema. Hakuweza kukishika, akashikiwa na mkewe. Aliyepewa kiti chake akatangaza kwamba mvua inanyesha nchi nzima. Sisi tukatoka nje, tukaangalia juu, tukarudi ndani.

Ndipo akaja Stumai Kalembo.

Stumai alikuwa mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Taifa. Usiogope neno. Mwanaanthropolojia ni mtu anayesoma mpaka anachakaa, halafu anakuja kukaa nyumbani kwako, anakula chakula chako, anakuuliza kwa nini unakula, kisha anaandika. Alikuwa anatafuta udaktari wake kwa kuandika jinsi wakulima wanavyoishi na mabadiliko ya tabianchi. Chuoni wakamwambia abadilishe maneno, kwani tabianchi ilikuwa haijabadilika. Mheshimiwa Mwenyewe hakuwa ameidhinisha mabadiliko yoyote. Akaandika "mila za wakulima". Wakamgongea muhuri.

Alifikia bondeni kwa Bi Sikudhani, mke wa Mzee Ngulangwa. Huyu Mzee Ngulangwa ndiye mtunza mbegu wa Walumo. Uwele mwekundu, punje ndogo, ngumu, unaota hata mahali ambapo mbuzi amekata tamaa. Duniani kote uwele huo walikuwa nao wao na sisi tu.

Bi Sikudhani akamkagua mgeni juu mpaka chini.

"Mama yako mtu wa wapi?"

"Wa mlimani, mama. Ni Mkeza."

"Kumbe mtani." Akainama, akamvua viatu, akavivaa yeye. Viatu vya ngozi, vya mjini, vinang'aa. "Vimenikaa. Na nisikuone umenuna."

Stumai akabaki peku kwenye mchanga wa moto, anaruka mguu huu na huu. "Sasa nitarudishiwa lini?"

"Kitu alichochukua mtani hakirudishwi, mwanangu. Siku ukiona nakurudishia viatu hivi, ujue utani umekufa, mimi na wewe hatujuani. Ingia ndani ule."

Akaingia, akala, akaandika.

*

Kesho yake sisi tukashuka. Mlimani tulikuwa tumepanda, jua likaunguza, tukapanda tena, likaunguza tena, mbegu kwisha. Kwa hiyo tukafanya kile tunachofanya siku zote. Tukabeba majembe, tukajaza majivu mifukoni, tukateremka tunapiga kelele kama majambazi. Stumai alidhani ni vita. Alijificha chini ya kitanda, na Bi Sikudhani akamvuta kwa mguu akimwambia atoke aandike, si ndicho alichokijia.

Tulimbeba Mzee Ngulangwa juujuu mpaka shambani, tukachimba shimo, tukamsimamisha humo, tukamfukia mpaka kifuani. Shangazi zangu wakaanza kulia kilio cha msiba, machozi ya mate. Mimi nilikuwa narekodi, lakini niliweka simu mfukoni kidogo nikampaka mzee majivu kwenye upara, maana ni haki yangu.

"Ngulangwa, kichwa kama kinu kilichopasuka," mjomba wangu akamwambia, "leo tunakuzika."

"Nizikeni haraka. Nimechoka kuona sura zenu."

"Umekufa?"

"Nimekufa."

"Umeacha nini?"

"Nimeacha mke mkali na uwele."

"Mke hatumtaki."

"Kwani mimi nawataka?" Bi Sikudhani akajibu kutoka kwenye kivuli cha ghala. "Watu mnanuka ukungu."

"Basi chukueni uwele," mzee akasema.

Na mbegu ikatolewa palepale. Ghala likafunguliwa, kila nyumba ya mlimani ikapata ya kupanda. Hapo ndipo mtani aliyeshika kibuyu akammwagia mzee maji mdomoni. Maji yakimgusa, msiba umekwisha. Akafukuliwa, akapanguswa, tukanywa togwa pamoja, na mzee akatutukana mpaka jua linashuka.

Mwaka mmoja wa nyuma bondeni kulikuja mafuriko, uwele wao ukaoza wote. Walumo wakaja mlimani kwetu na majembe yao, wakamzika mjomba wangu, wakachukua mbegu zilezile walizokuwa wametupatia. Ni zamu. Ndiyo maana uwele ule haujawahi kufa, jua lije, maji yaje. Na hakuna mtu aliyewahi kuumia humo, labda mtu kupata chafya kwa majivu.

Stumai alilielewa jambo hili vizuri kuliko mgeni yeyote. Alilia alipolielewa. Alimwambia Bi Sikudhani, "Mama, hii ndiyo sayansi yenyewe. Hii nitaipeleka duniani."

"Peleka," Bi Sikudhani akamwambia. "Lakini usiibebe nusu."

*

Siku ya kuuwasilisha utafiti wake alikuja Waziri Mangole, Waziri wa Kilimo, Mawingu na Usalama wa Ndani. Aliletewa kiti chenye mto. Kwa desturi ya viongozi wetu alilala tangu salamu. Stumai akaeleza udongo, akaeleza mbegu, waziri anakoroma. Akafika kwenye utani.

"Mtani anaingia nyumbani kwako bila hodi," Stumai akasema. "Anachukua anachotaka. Anakutukana, anakupaka majivu, anakuzika. Na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe."

Waziri akafumbua macho.

"Rudia hapo, binti."

Akarudia.

"Yaani unataka kuniambia," waziri akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka, "wapo watu katika nchi hii wanaoishi hivyo kwa hiari yao?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ila..."

Waziri alikuwa ameshasimama anapiga makofi. Waziri akipiga makofi ukumbi mzima unapiga, na anayeacha kwanza anaandikwa jina, kwa hiyo makofi yalikwenda mpaka viganja vikavimba, bibi mmoja wa maktaba akazimia. Stumai alikuwa anasema kitu pale mbele. Kwenye video ya chuo midomo inaonekana inacheza. Nadhani alikuwa anasema habari ya zamu.

Jioni hiyohiyo akawa Dokta. Wiki haikuisha akawa Profesa, na gari, na dereva ambaye hakuwa anaulizwa anaripoti kwa nani.

*

Mheshimiwa Mwenyewe alilihutubia taifa akiwa amevaa joho la mkulima lililoshonwa kwa hariri.

"Wananchi wangu," akasema, "wataalamu wetu wamechimba ndani ya mila, wakakuta lulu. Kwa muda mrefu maadui wamekuwa wakiita mambo yangu ukatili. Leo sayansi imesema. Kumbe nilikuwa nawatania. Kuanzia sasa mimi ni Mtani Mkuu wa kila raia, kwa kuzaliwa kwake, mpaka kufa kwake, na baada ya hapo."

Ikaundwa Sheria ya Utani. Kikaundwa Kikosi cha Utani, vijana wenye vifua, virungu vimepakwa rangi ya bendera ili vichangamshe. Wakaanza kazi. Walimvamia muuza mandazi wa hapa njia panda, wakamimina mafuta ya moto ya karai lake juu ya mikono yake, wakamwangalia usoni kama atanuna. Alicheka, maskini, alicheka vizuri sana, mpaka jirani zake wakampongeza. Mwalimu mmoja alitolewa jicho akashukuru, akapewa kofia. Mwenzake alichelewa kidogo tu kucheka, akatolewa na la pili. Hospitalini waganga walielekezwa kuanza na majeruhi wanaotabasamu. Mimi sisemi kitu, naeleza tu jinsi mambo yalivyopangwa, na lazima tukubali yalipangwa.

Stumai hakupenda. Hilo nalisema kwa haki yake. Alikwenda ofisini kwa Waziri Mangole, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mheshimiwa, kuna sehemu ya utafiti haikusikika vizuri."

"Ipi, Profesa?"

"Utani una ila yake."

Waziri akavuta droo. Akatoa miwani, kioo kimoja kimepasuka, na kwenye fremu kuna kitu cheusi kimekaukia, na unywele. Akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai.

"Hii ni ya profesa aliyekutangulia. Mtu mpole sana. Naye alikuwa na ila."

Stumai akaiangalia miwani. Akauliza kama kikao cha kamati kiko palepale Alhamisi. Waziri akasema kiko palepale. Siku hiyo Stumai alitoka akiwa Mshauri Mkuu wa Taifa wa Mila na Ukame.

*

Ukame ukazidi. Kikosi kikawa kinapita mabonde yote kuchukua mbegu kwa utani, kuzipeleka Ghala la Taifa, ili zilindwe dhidi ya wakulima wanaoweza kuzipanda. Mwisho wakafika kwa Walumo, kwa Mzee Ngulangwa.

Walikuja na malori. Walikuja na Waziri Mangole kwenye kiti kinachokunjwa. Na Profesa Stumai, ambaye kwa kuwa mama yake ni Mkeza ndiye alipewa kushika kibuyu. Sisi wa mlimani tuliamriwa kuhudhuria kama watani asilia, kwa hiyo nilikuwepo, simu mkononi.

Mzee Ngulangwa alipowaona hakukimbia. Alikuwa amejiandaa, upara ameshaupaka majivu mwenyewe. Nadhani aliamini mila ni mila, ataitwa, atazikwa, atatoka. Alipomwona Stumai alicheka.

"Mtani, umenenepa. Umeanza kufanana na mbuzi wa waziri."

Stumai akatabasamu nusu.

Vijana wa Kikosi hawakujua kuchimba shimo la utani. Walichimba kama wanachimba handaki. Wakamtupa humo, mguu ukalia, tulisikia wote, mfupa unalia kama kuni kavu. Wakamfukia mpaka shingoni, kisha wakapanda juu ya udongo na mabuti, wakaushindilia kwa vitako vya bunduki.

"Umekufa?" kijana mmoja akasoma kwenye karatasi.

"Nimekufa," mzee akasema, na pumzi ilikuwa fupi.

"Umeacha nini?"

"Nimeacha mke mkali. Na uwele. Chukueni."

Wakachukua wote. Hawakubakisha hata punje ya kuku. Malori yakajaa. Mzee akageuza macho kwa Stumai, akafungua mdomo kusubiri maji, kama ambavyo alikuwa amefanya tangu ujana wake.

Stumai akapiga hatua.

"Bado," Waziri Mangole akasema. "Televisheni ya Taifa haijafika. Gari lao limepata pancha."

"Mheshimiwa, hawezi kupumua."

"Profesa," waziri akasema kwa sauti ya upole kabisa, "wewe ndiye mtaalamu. Mila inasemaje?"

Wote tukamwangalia. Bi Sikudhani alikuwa amesimama mbele, na viatu vya ngozi miguuni. "Mtani," akasema. "Mpe maji. Maji unayo."

Kuna vitu viwili vilikuwa mbele ya Stumai pale, mzee shimoni na ile miwani kwenye droo. Alikishusha kibuyu.

"Mila inasema," akasema, "tunaweza kusubiri kidogo."

Mzee Ngulangwa hakusubiri. Uso uligeuka rangi, macho yakatoka, damu ikaja puani, nyembamba, ikachanganyika na majivu. Alijaribu kutukana mara ya mwisho, likatoka povu. Bi Sikudhani akaruka kwenda kumfukua kwa mikono. Kijana wa Kikosi akampiga taya kwa kitako cha bunduki, likavunjika pande mbili. Televisheni ikafika baadaye, ikakuta mzee kimya. Wapiga picha wakaomba watu wacheke, tukacheka. Kisha vijana wa Kikosi wakaona ni kazi ya bure kumfukua mtu wa kumzika tena, wakamalizia udongo wa juu palepale.

Serikali ilisikitika sana kwa usumbufu aliouleta Bi Sikudhani. Ikaboresha sheria. Kuanzia siku hiyo shimo la utani ni mpaka shingoni, na atakayeingilia utani unaoendelea, kwa neno au kwa kitendo, apigwe risasi papo hapo bila kuulizwa cheo. Isipokuwa mshika kibuyu, ambaye lazima awe mtani wa damu. Waziri Mangole aliiandika mwenyewe hiyo "bila kuulizwa cheo". Aliipenda. Mheshimiwa Mwenyewe akasaini akiwa anakula.

*

Baada ya hapo kukafanyika mkutano mkubwa wa mataifa kuhusu ukame, hapa kwetu, kwenye hoteli yenye chemchemi tatu za maji. Profesa Stumai ndiye alitoa hotuba kuu. Nimeiangalia mtandaoni, anaongea vizuri, anasema mbegu za wakulima ni hazina ya binadamu wote. Wageni wakasimama kumpigia makofi. Kisha wakaandaliwa uji wa asili, mwekundu, kwenye vibakuli vya udongo. Waliusifu mno. Waliomba uongezwe, ukaongezwa, siku zote za mkutano, mpaka Ghala la Taifa likabaki na panya na viti vya plastiki.

Kwenye video kamera inamgeukia Stumai akiwa na kijiko. Anauangalia ule uji. Aliutambua, huwezi kutoutambua, hakuna wekundu kama ule. Halafu anaona kamera, anakula. Akamaliza bakuli.

Bondeni hapakuwa na cha kupanda, mlimani hapakuwa na cha kupanda, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kwenda kumzika. Watoto wakaanza kuvimba matumbo. Tukawa tunazika kwelikweli, mashimo madogomadogo.

Ndipo Bi Sikudhani akafunga taya lake kwa kanga, akaenda mjini kwa miguu, akaketi mlangoni kwa Waziri Mangole. Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida, lakini yalikuwa machache.

"Mtani Mkuu ametuzika sote. Sasa zamu yake. Tumekuja kumwalika."

Waziri akamwita Profesa. "Kuna kitu kinaitwa zamu?"

"Kipo, mheshimiwa," Stumai akasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mlikuwa mnapiga makofi."

Waziri akafikiri. Hasira zilimjia, lakini wakati huohuo wageni wa mkutano walikuwa wanatafuta wa kumpa Tuzo ya Kiongozi wa Ardhi. Akampelekea bosi wake ule mwaliko. Mheshimiwa Mwenyewe akafurahi kama mtoto. Rais anazikwa na wananchi wake, kwa mapenzi, dunia nzima inaangalia. Aliuliza tu kama udongo unaharibu medali.

*

Sasa hapa ndipo video yangu inaanza.

Shamba la Mzee Ngulangwa, saa za asubuhi. Walumo wote, Wakeza wote, wamekonda, wana majivu. Wanajeshi wamezunguka. Waziri kwenye kiti chake. Bi Sikudhani alichagua mwenyewe mahali pa kuchimba, ubavuni kwa kaburi la mumewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Profesa Stumai amesimama na kibuyu.

Mheshimiwa Mwenyewe akashuka shimoni kwa ngazi ndogo, anapunga mkono. Tukafukia mpaka shingoni, kama sheria yake inavyosema. Tulishindilia kwa miguu mitupu. Tulikuwa wengi.

"Tumbo kama gunia la benki," mjomba wangu akamwambia, "leo tunakuzika."

Akacheka. Alikuwa na mafunzo. "Nizikeni haraka," akasema kwa kamera.

"Umekufa?"

"Nimekufa."

"Umeacha nini?"

"Nimeacha mbegu za taifa. Chukueni."

Mjomba akajifuta jasho. "Ziko wapi?"

Maana mbegu hutoka kwanza, maji baadaye. Mheshimiwa akamwangalia waziri. Waziri akapiga simu ghalani. Akasikiliza. Akapiga tena, kama vile ghala lingebadilisha jibu. Jua lilikuwa limepanda.

"Mheshimiwa," akasema, "ziliishia kwenye uji."

"Basi nitoeni."

Tulibaki tumekanyaga udongo. Kifua kikiwa chini ya udongo hakipanuki, kila ukitoa pumzi udongo unashuka na kukaa pale ulipotoka. Sauti yake ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. "Nimesema nitoeni."

Mlinzi wake mmoja akaruka na koleo. Mwenzake akampiga risasi ya kichwa, palepale, kwa utii, kwa sababu utani ulikuwa unaendelea. Ubongo uliwafikia shangazi zangu. Waziri Mangole akasimama, kiti kikajikunja nyuma yake.

"Mpumbavu wewe, mtoeni Mheshimiwa haraka..."

Hilo lilikuwa neno. Sheria inasema kwa neno au kwa kitendo. Walimpiga risasi wanne kwa pamoja, na sidhani kama alipata muda wa kukumbuka nani aliandika "bila kuulizwa cheo". Alianguka na uso ukingoni mwa shimo, akabaki anamwangalia bosi wake kwa karibu sana, damu inateremka kwenye kofia ya Mheshimiwa na kumwingia machoni.

Baada ya hapo hakuna mwanajeshi aliyesogea. Walikuwa wanaangaliana, kila mmoja anamlinda mwenzake asiingilie.

Mheshimiwa Mwenyewe akatafuta kwa macho mpaka akampata Stumai.

"Profesa," akasema kwa pumzi ya mwisho mwisho. "Mila... inasemaje?"

Stumai akainua kibuyu. Mimi nilidhani anampa. Bi Sikudhani naye nadhani alidhani hivyo, kwa sababu aliinama, akavua viatu vya ngozi, vimechakaa, vimepasuka visigino, akavipanga vizuri mbele ya miguu ya Stumai. Kisha akarudi nyuma akasimama peku.

Stumai aliviangalia viatu vile. Wewe unajua maana yake, umesikia alivyoambiwa. Uso wake ulikunjamana kama karatasi. Hakuvivaa. Alivivuka, akampita Mheshimiwa ambaye mdomo ulikuwa wazi, akaenda kwenye kaburi la Mzee Ngulangwa, akapiga magoti, akamimina maji yote pale. Taratibu, mpaka tone la mwisho. "Kunywa, mzee," akasema. "Kunywa, nimechelewa."

Alipomaliza akaachia kibuyu, kikabingirika kwenye mteremko. Kikapita kichwa cha Mheshimiwa, kikapita mkono wa waziri, kikaja kikasimama kwenye vidole vyangu vya miguu.

Kwenye begi langu kulikuwa na chupa ya maji, imejaa. Mimi ni Mkeza wa baba na mama. Wanajeshi wakageuza macho na mitutu kwangu, wakisubiri mshika kibuyu mpya. Mheshimiwa alikuwa ananiangalia, midomo imekuwa rangi ya majivu, na kwenye macho yale sikuona mtu anayetania. Nikimpa maji anafukuliwa, na akishafukuliwa hakuna mtoto wa bondeni wala wa mlimani atakayebaki juu ya ardhi. Nisipompa, anakufa mikononi mwetu, na utani wetu, ambao tangu babu wa babu haujawahi kuua mtu, utakuwa umejifunza kuua. Nilimwangalia Bi Sikudhani. Taya lilikuwa limefungwa.

Mkono wangu mmoja una simu, inarekodi. Mwingine mtupu. Kibuyu kiko hapa chini, na yeye anahesabu pumzi.

Haya niambie, ungekuwa wewe, ungefanyaje?